Sauti kwenye Mint 22: Firefox inaimba, Audacity bubu. Wakuu nisaidieni

mwanakwaya77
Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada maana hili jambo wiki ya pili sasa limenitoa jasho.

Nina ThinkPad T440 ya mtumba nilichukua Kariakoo, nimeiwekea Linux Mint 22, inapiga kazi safi sina la kulalamika. Shida ni sauti. Youtube kwenye Firefox inaimba, VLC inaimba, kengele za meseji zinalia, ila Audacity ndo haitaki kabisa, nikibonyeza kupiga inasema imeshindwa kufungua kifaa cha sauti eti nibadilishe kifaa au sampo reti. Nimebadilisha sampo reti mpaka nimechoka. Na mimi Audacity ndo kila kitu maana narekodia mazoezi ya kwaya, miksa inaingia kwa USB alafu nakata vipande nawatumia wenzangu whatsapp kila mtu ajifunze sauti yake.

Kinachonichanganya zaidi, siku nyingine kurekodi kunakubali siku nyingine kunakataa, miksa ile ile waya ule ule. Jumamosi tumekaa watu 20 wananiangalia mimi nahangaika na laptopu, aibu tupu.

Spika nzima, waya nzima, sauti sijaizima. Nimeristati mara mia.

tajiri_wa_bando
Weka Windows mkuu uishi kwa amani

mwanakwaya77
@tajiri_wa_bando asante mkuu ila uzi uko jukwaa la Linux

mzee_kaseti
Kijana hilo tatizo nalijua tangu siku nyingi. Ni hiyo PulseAudio, seva ya sauti inayokaa kati ya programu na kadi. Mimi Ubuntu 8.04 ilipokuja nayo mwaka 2008 ilinitesa mno, muziki unakatakata kama redio ya betri zinazoisha, nikaing'oa yote nikabaki na ALSA tupu, ile sehemu ya Linux inayoongea na kadi yenyewe, na sauti ikarudi. Fanya `sudo apt purge pulseaudio` alafu tengeneza faili la `.asoundrc` uiambie kompyuta itumie kadi namba sifuri moja kwa moja. Seva za sauti ni mbwembwe tu, kadi ipo, spika ipo, dalali wa nini katikati?

binti_wa_keneli
Shikamoo mzee, na samahani nitakupinga hadharani 😂

@mwanakwaya77 TAFADHALI usifanye hiyo. Mzee anaongea ukweli wa mwaka 2008, na kweli kipindi kile Pulse iliingizwa kwa watu kabla haijaiva na draiva nyingi za ALSA zilikuwa na kasoro ambazo Pulse ndo ilikuja kuzianika, kwahiyo lawama zote zikamwangukia Pulse. Ila leo kwanza Mint 22 haitumii PulseAudio, inatumia PipeWire, seva mpya zaidi ya sauti, ikijifanya Pulse. Pili Firefox yenyewe tangu toleo la 52, mwaka 2017, waliacha kuongea na ALSA moja kwa moja, inataka Pulse au kitu kinachojibu kama Pulse. Ukiing'oa hiyo seva utakuwa umehamisha ububu tu, Audacity itaimba Firefox ikae kimya.

Kabla ya kung'oa chochote tupe majibu ya hizi:

`pactl info | grep Server`
`aplay -l`
`aplay /usr/share/sounds/alsa/Front_Center.wav`

Na usifungue chochote kwa sudo (mamlaka ya msimamizi, root). PipeWire inaendeshwa kwa kila mtumiaji kivyake, soketi yake iko kwenye /run/user/1000, ukiingia kama root unaenda nyumba nyingine kabisa ambako hakuna mwenye kukujibu, utapata makosa mapya juu ya yale ya zamani.

mzee_kaseti
Marahaba. Haya tuone.

mwanakwaya77
Dada asante sana, haya hapa:

```
Server String: /run/user/1000/pulse/native
Server Name: PulseAudio (on PipeWire 1.0.5)
```

```
card 0: HDMI [HDA Intel HDMI], device 3: HDMI 0 [HDMI 0]
card 0: HDMI [HDA Intel HDMI], device 7: HDMI 1 [HDMI 1]
card 0: HDMI [HDA Intel HDMI], device 8: HDMI 2 [HDMI 2]
card 1: PCH [HDA Intel PCH], device 0: ALC3232 Analog [ALC3232 Analog]
card 2: CODEC [USB Audio CODEC], device 0: USB Audio [USB Audio]
```

Na hiyo ya tatu imekataa, inasema:

`aplay: main: audio open error: No such file or directory`

Nimefikiri faili halipo nikaenda kuangalia, faili lipo! Nimelifungua na VLC likasema vizuri tu.

kisauni01
Ndugu yangu hilo faili inalolilalamikia si la wimbo. Hapo yasema kifaa hakipo. Yaani aplay imeomba kadi fulani na mlango fulani na huo mlango haupo.

Kwa sasa ili usikwame mazoezini, fungua Audacity, pale penye kuchagua kifaa cha kupigia, utaona "default", utaona "pulse", utaona "pipewire" na majina mengine mengi yenye hw. Chagua pulse ama pipewire uwachane na default. Niambie.

mwanakwaya77
AISEEEE. Imeimba!! Nimechagua pulse imeimba hapo hapo. Wakuu mbarikiwe.

Sasa swali, kwanini default haifanyi kazi? Maana nina kile kiprogramu kingine cha kupimia noti hakina sehemu ya kuchagua kifaa, nacho ni bubu vile vile.

binti_wa_keneli
Hapo ndo patamu. Default kwenye Mint 22 inatakiwa iende PipeWire yenyewe bila kuambiwa, pakeji ya pipewire-alsa ndo kazi yake hiyo, inawadaka wote wanaoongea kiALSA inawapeleka kwenye seva wenyewe hawajui. Kwako kuna kitu kimeuvunja huo mtego.

Fanya jaribio la kijinga: tengeneza mtumiaji mpya, muite hata mgeni, ingia kama mgeni, rudia ile aplay.

mwanakwaya77
Nimeingia kama mgeni. Imesema "front center" yule mama wa kizungu. Audacity ya mgeni nayo inaimba na default bila shida.

Nimerudi kwangu, kimya.

kisauni01
Basi mgonjwa si mashine, mgonjwa yuko ndani ya home yako (folda lako binafsi).

`ls -la ~ | grep asound`

mwanakwaya77
`-rw-r--r-- 1 mwana mwana 87 Mac 12 2011 .asoundrc`

2011??? Hii laptopu nimenunua mwaka huu.

Ndani kuna hivi:

```
pcm.!default {
    type hw
    card 0
}
ctl.!default {
    type hw
    card 0
}
```

Ngoja. NIMEKUMBUKA. Nilikuwa na kompyuta ya mezani kipindi hicho niko chuo, kuna fundi alinitengenezea sauti, akaandika andika kitu akaniambia usiguse. Sijagusa kweli. Ila kila nikibadilisha mashine huwa nakopi home yote kama ilivyo, kwahiyo nimelibeba hilo faili mashine tatu.

binti_wa_keneli
Hahaha umelihamisha kama kibuyu cha mganga.

Haya wacha nieleze vizuri kwa wengine watakaopita hapa maana hii nimeiona mara nyingi mno.

Kadi ya sauti kwenye Linux iko chini ya ALSA, ndiyo imo ndani ya keneli, rasmi tangu 2.6 ya mwishoni mwa 2003, kabla yake ilikuwa OSS. Kadi nyingi za siku hizi zenyewe hazichanganyi sauti, zinapokea mkondo mmoja tu. Sasa fikiria daladala. Seva ya sauti ndo konda: Firefox panda, VLC panda, Audacity sogea nyuma kidogo, wote gari moja wanafika. Programu ikiomba `hw` maana yake imekodi daladala zima, spesho, abiria wengine wabaki kituoni. Ukiwa spesho na gari linaondoka, wewe mwenyewe unaona safi kabisa (ndo maana mzee anasifia ALSA tupu), waliobaki kituoni ndo wanaolalamika.

Hilo faili la 2011 linasema: kila atakayeomba default, mkodishie kadi 0. Kwenye kompyuta yako ya zamani kadi 0 ilikuwa spika, na kazi iliisha. Kwenye T440 na laptopu nyingi za Intel za umri ule kadi 0 ni HDMI na spika ziko kadi 1. Na angalia vizuri ile orodha uliyoleta, HDMI ina milango 3, 7 na 8. Haina mlango 0. Kwahiyo aplay ikienda kugonga /dev/snd/pcmC0D0p inakuta ukuta, ndo ile No such file or directory.

Firefox na VLC hazikusumbuka kwasababu zenyewe zinaongea kiPulse, hazisomi hilo faili kabisa.

`mv ~/.asoundrc ~/.asoundrc.zamani`

Usifute, liweke makumbusho. Toka uingie tena.

mwanakwaya77
Imeisha hiyo. aplay inasema, Audacity kwa default inasema, kipimia noti kinasema. Sina la kusema dada yangu, na wewe @kisauni01.

mzee_kaseti
Sasa mbona mnanitazama.

kisauni01
Mzee hatujasema neno 😂😂

fundi_chipukizi
Naomba kuelimishwa, hivi PipeWire na PulseAudio ni kitu kimoja au? na hiyo WirePlumber naiona kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa ni nini tena, na JACK je, mbona vitu vingi hivi kwa sauti tu

binti_wa_keneli
@fundi_chipukizi ni tofauti. PulseAudio ni ya Lennart Poettering, ilianza 2004 ikiitwa Polypaudio, Fedora 8 ikaipokea 2007 na Ubuntu 2008 kama alivyosema mzee. JACK ni ya Paul Davis, hiyo ni ya watu wa studio, kazi yake ni sauti kufika bila kuchelewa na programu kuunganishwa moja kwa nyingine kama waya za miksa. Sasa kwa miaka mingi mtu wa studio alikuwa anaishi nyumba mbili, akitaka kurekodi anazima Pulse anawasha JACK, akimaliza anarudi kuangalia Youtube anazima JACK anawasha Pulse. Kero isiyosemeka.

PipeWire kaianzisha Wim Taymans, huyu ni mmoja wa waanzilishi wa GStreamer (mfumo wa kuchezea sauti na video), na mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya video ndipo ikaingiza sauti. Ujanja wake haikumlazimisha mtu abadilishe programu yake. Anayeongea kiPulse anakutana na pipewire-pulse, anayeongea kiJACK anapewa maktaba yenye jina lile lile, anayeongea kiALSA anadakwa na ile pipewire-alsa. Wote wanadhani wako kwao. Fedora 34 ikaipa sauti yote Aprili 2021, Ubuntu 22.10 ikafuata 2022, toleo 1.0 limetoka Novemba 2023, Mint wakaipokea kwenye 22, Julai 2024.

WirePlumber ndo mwenye maamuzi. PipeWire yenyewe ni mabomba tu haijui nani aunganishwe na nani, WirePlumber ndo anasema eafoni zimechomekwa basi muziki uhamie huko. Ikifa hiyo mabomba yapo ila hayajaungwa, hupati kitu.

`systemctl --user status pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Zote tatu ziwe active. Ukitaka kuziristati ni `systemctl --user restart` na majina hayo hayo, huna haja ya kuzima mashine.

mwanakwaya77
Samahani kurudi tena. Lile la pili, kurekodi kutoka kwenye miksa siku inakubali siku inakataa. Jana nimejaribu imekataa tena. Kwenye Audacity nimechagua "USB Audio CODEC: Audio (hw:2,0)" maana ndo jina la miksa.

kisauni01
Wakati ilipokataa ulikuwa umefungua ile pavucontrol, programu ya kupangia sauti?

mwanakwaya77
Ndiyo, huwa naifungua kuangalia kale kamstari kanakochezacheza nijue sauti inaingia.

kisauni01
Ehee. Kamstari hako ndako kanakoikamata miksa. Pavucontrol ikiwa wazi pale kwa vifaa vya kuingizia, inasikiliza kila maiki ili ichore mstari, kwahiyo PipeWire inaifungua miksa. Wewe huku Audacity waomba hw:2,0, waomba gari zima na ndani tayari mna mtu, waambiwa kifaa kinatumika. Siku ambayo hukuifungua, PipeWire ikiona hakuna anayetumia kifaa baada ya sekunde kama 5 yakiachilia, na Audacity yako yapita. Ndiyo ile siku yakubali siku yakataa.

Kujua ni nani amekamata:

`fuser -v /dev/snd/*`

Njia mbili sasa. Ama uchague pulse au pipewire kwa upande wa kurekodi pia, alafu ndani ya pavucontrol uelekeze Audacity isikilize ile miksa, hiyo sehemu ya Recording hutokea pale tu Audacity inaporekodi, usiitafute kabla. Ama kama wapenda hw yako, nenda Configuration ndani ya pavucontrol, ile USB Audio CODEC uiweke Off, PipeWire itaiwacha kabisa na Audacity itaimiliki peke yake. Mimi hurekodi qaswida hapa Mombasa natumia hiyo ya pili, maana sitaki kengele ya whatsapp iniingilie katikati.

binti_wa_keneli
Naunga mkono, ila kengele ya whatsapp haiwezi kuingia kwenye rekodi ya maiki hata ukitumia seva, kuingiza na kutoa ni mabomba mawili tofauti. Itaingia tu kama spika zako ziko wazi na maiki inazisikia.

kisauni01
Spika zangu ziko wazi dada 😅

dj_kipupwe
Kwakuwa uzi umechangamka na mimi nijipenyeze. Nina kinanda cha MIDI (kinachochomekwa kwenye kompyuta) na Ardour, programu ya studio, nikigusa noti inakuja baadaye kidogo, kama mtu anayeitikia amechelewa. Kwa kucheza mdundo haifai. Nimesikia PipeWire ina ucheleweshaji hamna la kufanya?

binti_wa_keneli
Lipo. PipeWire inakusanya sauti kwenye vifungu, kawaida kifungu ni sampo 1024, na kadi inakwenda sampo 48000 kwa sekunde, gawanya hapo unapata kama milisekunde 21 kwa kifungu kimoja, na sauti inapita zaidi ya kifungu kimoja kabla haijafika sikioni. Kwa muziki wa kusikiliza huoni chochote, kwa kinanda unaona. Punguza:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256`

Sasa ni milisekunde 5 na kitu. Fungua `pw-top` pembeni uangalie safu ya ERR, kama namba inapanda panda ujue mashine inashindwa kumaliza kifungu kwa wakati na utasikia kukwaruza, panda 512. Kama imetulia jaribu 128. Ukimaliza kupiga, rudisha kwa kuandika 0 mahali pa 256, maana kifungu kidogo kinaamsha prosesa mara nyingi na betri inakwenda.

Na Ardour ifungue hivi: `pw-jack ardour`, ukichagua JACK mle ndani. Usiwashe jackd ya kweli. Pia weka pakeji ya pipewire-jack kama huna.

dj_kipupwe
256 imekubali, 128 inakwaruza. Nimebaki 256. Yaani miaka yote hii nilikuwa nawahisha kidole kabla ya mdundo nikadhani ndo ufundi 🤦🏾‍♂️

fundi_chipukizi
Na eafoni za bluetuthi je? Muziki unatoka mtamu, nikipigiwa simu ya mtandaoni tu kila kitu kinakuwa kama mtu anaongea ndani ya debe. Hii nayo ni PipeWire?

mzee_kaseti
Hiyo siyo PipeWire kijana, hata Pulse ilikuwa hivyo hivyo, mnaona na mimi nawatetea. Ni bluetuthi yenyewe. Kuna njia mbili, A2DP ni ya kusikiliza tu, pana na nzuri lakini haina maiki. Ukitaka maiki inahamia njia ya simu, HFP, na hapo sauti inabanwa sampo 8000 kwa sekunde, ikibahatika eafoni zikajua mSBC (mbinu bora zaidi ya kubana sauti) inakuwa 16000. Kwenda na kurudi vinagawana kibarabara kimoja, lazima kibanane.

Dawa yangu: kwenye simu ya mtandaoni chagua maiki ya laptopu, eafoni ziache kwenye A2DP zisikilize tu.

binti_wa_keneli
Mzee leo umetisha. Niongeze tu, WirePlumber inahamisha yenyewe kwenda njia ya simu programu ikiomba maiki. Kwa Mint 22 (WirePlumber 0.4) unaizuia kwa kuweka faili `~/.config/wireplumber/policy.lua.d/11-bluetooth-policy.lua` lenye mstari mmoja:

`bluetooth_policy.policy["media-role.use-headset-profile"] = false`

ANGALIZO, kuanzia WirePlumber 0.5 wameachana na mafaili ya Lua kwenye mipangilio, ukihamia toleo jipya hilo faili litapuuzwa kimya kimya, wala halitakuambia limepuuzwa. Nasema hivi makusudi maana baada ya miaka kumi kuna mtu atakuja na uzi kama huu, "mbona nilishaweka".

kisauni01
Kijana wangu ana gemu la kitambo, la binary, sauti hakuna kwa Debian 12. Ninaona

`ALSA lib dlmisc.c: Cannot open shared library libasound_module_pcm_pipewire.so`

na hilo faili nimelitafuta lipo. Zamu yangu kuabika sasa.

binti_wa_keneli
😂 Kaka piga `file` kwenye hilo gemu.

kisauni01
ELF 32-bit LSB executable, Intel 80386.

Haya nimeshaelewa hata usijibu. Faili lipo la biti 64, gemu latafuta la biti 32.

binti_wa_keneli
Ndo hivyo:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update`
`sudo apt install pipewire-alsa:i386`

Gemu lingine likigoma jaribu kuliambia lugha ya kutumia, kama limeandikwa kwa SDL (maktaba ya kutengenezea magemu) andika `SDL_AUDIODRIVER=alsa ./gemu` au `pulseaudio` badala ya alsa. Na lile la kale zaidi linalotafuta /dev/dsp, hilo ni la enzi za OSS, lifungulie ndani ya `padsp`, itamdanganya kwamba /dev/dsp ipo.

kisauni01
Limeimba. Nyumba nzima sasa ni bunduki tu, nimejuta.

mtu_wa_dodoma
Mimi kwangu hata sifiki huko kote, kwenye mipangilio ya sauti naona "Dummy Output" tu. Debian 12, laptopu mpya mpya hivi. Niliweka Debian 11 kwanza nikapandisha mpaka 12. Kusema ukweli spika za hii mashine sijawahi kuzisikia tangu niinunue, natumia eafoni za USB mwaka wa pili.

fundi_chipukizi
Mwaka wa pili mkuu?? 😭

mzee_kaseti
Dummy Output ni seva kukuambia "sijaona kadi yoyote nimejiwekea ya uongo". Kwahiyo seva nzima, shida iko chini yake, kwa keneli. Piga `sudo dmesg | grep -i sof` ulete.

mtu_wa_dodoma
`Direct firmware load for intel/sof/sof-tgl.ri failed with error -2`

mzee_kaseti
Umeona. Laptopu za Intel za karibuni sauti inapita kwenye kichipu chenye programu yake, na hiyo programu inatakiwa ipakiwe kila mashine inapowaka. Kwako haipo. Pakeji inaitwa firmware-sof-signed. Kwa Debian 12 walihamisha fimweya kutoka non-free kwenda kwenye chumba kipya kinaitwa non-free-firmware, na wewe ulipopandisha bila shaka /etc/apt/sources.list yako haijui hicho chumba. Kiongeze mwisho wa mstari, `sudo apt update`, `sudo apt install firmware-sof-signed`, hapa uzime uwashe kweli, siyo kutoka na kuingia.

mtu_wa_dodoma
Imeongea. Wallahi imeongea. Nimekaa hapa naisikiliza tu kengele ya kuwashia.

mwanakwaya77
Wakuu kurudisha majibu: jana tumerekodi mazoezi saa mbili na nusu bila kukatika hata mara moja, pavucontrol nimeifunga, miksa nimeiweka Off kama alivyosema @kisauni01. Soprano wameimba chini kidogo ila hilo siyo la PipeWire.

Naomba uongozi uweke alama ya imetatuliwa.

mzee_kaseti
Kabla hamjafunga. Jana usiku nimeona niangalie na kwangu. `ls -la ~ | grep asound`. Lipo, la Novemba 2009, type hw, card 0, maandishi yangu mwenyewe. Na kuna redio moja kwenye hii mashine haijawahi kulia, nilikuwa nailaumu redio.

Nimelitoa. Inalia.

binti_wa_keneli
Hatujasema neno mzee